Mzani Uliomuua Kornelio

Mwili wa Kornelio, karani wa mzani, ulikuwa kando ya kinu cha kusaga mawe ya dhahabu, Nyamwaga. Fuvu lilikuwa limepasuka. Wachimbaji walimpiga baada ya kupima tena dhahabu yao mjini Tarime na kugundua wanapunjwa. "Siku za mwizi ni arobaini," watu walisema bila haya, damu haijakauka.

Kufikia kesho yake, Inspekta Nyangwine alishawatia mbaroni wanne waliompiga. Lakini nani aliufanya mzani useme uongo?

"Afande, tunazika leo," alisema Verdiana, mjane wa marehemu. "Hakuna anayekubali kumchimbia mwizi kaburi. Hata Magige amekataa, na walitahiriwa pamoja. Mume wangu hakuiba."

Magige alikuwa fundi kompyuta wa kinu hicho, tena ndiye aliyekuwa akiyeyusha dhahabu ikishapimwa.

Inspekta akamwita Sophia, aliyeandika programu ya mzani. Alikuja kutoka mjini, akaichungulia kompyuta, akakunja uso.

"Programu ni yangu, ila faili linalosoma uzito si langu. Hili linapunguza gramu moja katika kila kumi. Limewekwa Jumatatu."

"Faili lako watu wanalipata wapi?"

"Kwenye ghala langu la faragha mtandaoni. Hulipakui bila nywila. Lakini faili likishaingia kwenye kompyuta, programu inaliamini tu, hata likiwa limetoka kwingine. Hapo nilizembea."

Magige akaitwa.

"Jumatatu nani aliweka faili jipya?"

"Mimi, afande. Nililipakua kwa Sophia, kama siku zote. Lilikuwa zima. Marehemu ndiye aliyelichezea baadaye."

"Kwa nywila ipi?"

"Ileile tuliyopewa."

"Haya, mura, pakua tena nikuone."

Magige akaandika. Ghala likakataa. Akarudia, herufi kwa herufi. Likakataa.

"Mtandao wa huku, afande..."

"Mtandao ni mzima," alisema Sophia. "Jumamosi, kabla ya Jumatatu hiyo, niliibiwa simu stendi, nikabadilisha nywila siku hiyohiyo. Mpya sijampa mtu."

Jasho lilimtoka Magige hadi kidevuni.

"Kwa hiyo Jumatatu hukupakua kitu," alisema Inspekta. "Faili ulitengeneza wewe. Na ziada ilibaki kwenye chungu chako cha kuyeyushia."

Magige akakaa chini sakafuni.

"Nilitaka kumuoa Rose. Tangu rashi ya dhahabu ianze na watu wamiminike huku, kila mwenye shimo anampelekea babake Rose ng'ombe wa mahari. Mshahara wangu haununui hata ndama. Sikujua watamuua."

"Ulikuwepo wakimpiga?"

"Nilikuwepo."

"Ulifanya nini?"

"Nilipiga kelele pamoja nao. Mwizi, mwizi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Inspekta alitamani kumzaba kibao. Badala yake akamfunga pingu.

Verdiana alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Shemeji, asubuhi nilikupigia magoti."

"Nipitishwe kwako kwanza, nimchimbie," Magige aliomba.

"Kwangu hukanyagi."

Habari zilipoenea, wanaume walikuja kwa marehemu na majembe, vichwa chini. Walimkuta Verdiana ndani ya shimo, ameshachimba hadi magotini. Kijijini hapo mwanamke alikuwa hajawahi kuchimba kaburi. Walimsihi atoke. Aliendelea kuchimba.