Kilichowaua Wenzake Eizo

Kila alfajiri Kinu, msichana wa miaka kumi na miwili, aliinjika vyungu viwili. Kikubwa kilikuwa cha mchele uliochanganywa na shayiri, chakula chake na mama yake. Kidogo kilikuwa cha wali mweupe pe, wa kaka yake Eizo, aliyerudi kutoka vitani mwezi uliopita.

"Mwanajeshi halishwi shayiri kama farasi," mama alisema. "Hata jeshini walimpa wali mweupe."

Lakini Eizo alizidi kudhoofika. Miguu ilimvimba, hata kisimani hakufika bila fimbo.

"Kaka, ulipigwa risasi?" Kinu aliuliza.

Eizo alicheka. "Risasi nilizisikia mara mbili tu, tena kwa mbali. Kikosini kwetu ziliua wawili. Kumi na mmoja waliuawa na uvimbe huu huu. Unaanzia miguuni. Ukifika moyoni, kwisha."

Kinu hakutulia. Mbona yeye na mama hawakuvimba? Mbona majirani maskini, walao shayiri mwaka mzima, walikuwa wazima? Akavuka mto hadi kwa Daktari Murase, aliyewahi kutibu mabaharia wa meli za kivita.

"Daktari, wali mweupe unaweza kuua mtu?"

Mzee aliweka kiko chini. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Najiuliza tu."

Kinu alipokwisha kusimulia habari za Eizo na wenzake waliokufa, daktari alikuwa tayari amevaa viatu.

Nyumbani, daktari alipoagiza Eizo naye ale shayiri, mama alipandwa na hasira. "Shayiri? Watu watasema namnyima mwanangu!"

"Melini tulizika vijana wengi," daktari alijibu. "Tulipowachanganyia waliobaki shayiri kwenye wali wao, ugonjwa ukakoma. Kwa nini, bado sijui. Lakini nimeona kwa macho yangu."

"Waache watu waseme, mama," Eizo alidakia. "Nipe hicho cha farasi. Huenda nikapiga mbio!"

Mama alitaka kukasirika, akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka.

Wiki zilipita, uvimbe ukapungua. Siku ya kuvuna, Eizo aliingia shambani bila fimbo, mundu mkononi. Daktari Murase, aliyekuja kumtazama, alimgeukia Kinu.

"Mwanangu, chakula si cha kuringia watu, ni cha kuujenga mwili. Nawe ukiona jambo hulielewi, uliza, hata kama wakubwa wameshaamua. Wale kumi na mmoja hawakupata mtu wa kuwaulizia."