Feni ya Mama Shanga

Ndugu zangu, kabla hamjaendelea kusoma, pepeseni macho kwanza. Mmepepesa? Haya, twende.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa magauni ya harusi, aliyeshona shanga kwenye kitambaa cheupe mpaka watu wakalisahau jina lake, wakamwita Mama Shanga. Alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye meza ndefu na vyerehani viwili: kimoja chake, kingine cha wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Asubuhi walifungua dirisha, wakaanza kushona huku wakiwasema watu kwa upole. Ilikuwa nyumba ya amani.

Chumba kile kilikuwa na sheria moja: jasho lisidondoke kwenye gauni. Doa moja tu, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo Mama Shanga aliiweka feni juu ya meza, akaielekeza usoni pake, ikampulizia tangu asubuhi hadi jioni. Isitoshe, alijivunia kwamba akitunga shanga hapepesi macho. "Ukipepesa, umepoteza tundu," aliwaambia waliokuja kujifunza kwake, nao wakamsifu. Sifa nyingine, jamani, heri mtu angenyimwa.

Macho yakaanza kumkereketa kana kwamba yameingia mchanga. Yakawa mekundu. Wifi akatoa kichupa mkobani.

"Tia hii, wifi yangu. Mimi natumia, jirani naye anatumia. Sasa hivi tu yanakuwa meupe kama ya mtoto."

"Ni dawa ya nini?"

"Ya macho! Kwani kinachokuwasha ni pua?"

Wakacheka, akatia. Wekundu ukaondoka, na hapo ndipo alipodanganyika. Macho yalikuwa meupe lakini makavu, na uvimbe ndani yake uliendelea kufukuta. Kila yalipoiva tena, kichupa. Binti yake, aliyekuwa ameshachumbiwa, akamsihi aende hospitali.

"Nikishamaliza gauni lako," akajibu. "Gauni la mwanangu halishonwi na mtu mwingine."

Basi siku moja ncha ya uzi mgumu wa nailoni ikamchoma jicho la kulia. Ulikuwa mkwaruzo mdogo, wa kupona upesi, lakini haukupona. Mwanga ukawa unamuumiza, machozi yakamtoka ovyo, na mbele yake pakatanda ukungu. Asubuhi moja alimimina chai nje ya kikombe. Mumewe akacheka, kisha akaacha kucheka, akaenda kuvaa viatu.

Hospitalini, daktari wa macho alimtia tone la rangi ya manjano, akammulika kwa taa ya bluu.

"Mama, kidonda bado kiko wazi."

"Lakini daktari, huu ni mkwaruzo tu. Mbona nikijidunga sindano kidoleni napona?"

"Jicho nalo hupona, likiwa na hali nzuri. Hapa mbele, kwenye kioo cha jicho, kuna ngozi nyembamba sana. Seli zinazoizaa ngozi hiyo zinakaa pembeni, pale rangi ya jicho inapokutana na weupe. Tunaziita seli shina. Ukijikwaruza, zinazaa seli mpya, nazo zinasogea mpaka katikati na kuliziba jeraha. Lakini jicho likikaa kavu muda mrefu, kwa kupigwa upepo au kwa kutopepesa, linavimba ndani kwa ndani, na uvimbe huo unazidhoofisha seli shina. Zikiisha, ngozi ya ule weupe inatambaa juu ya kioo pamoja na mishipa yake ya damu, na mtu haoni vizuri tena."

Mama Shanga akaushika mkono wa mumewe. Alimfikiria binti yake ndani ya gauni, na yeye mama mtu ameketi mbele, haoni hata ushanga mmoja.

"Zangu zimeisha?"

Daktari akatazama tena, bila haraka. "Zimechoka. Hazijaisha."

Sijui kama kuna mtu amewahi kufurahi namna ile kuambiwa amechoka!

Kichupa, kilichokuwa kikificha wekundu tu bila kutibu, kikatupwa. Akapewa matone ya kulainisha macho, mengine ya kutuliza uvimbe, na lenzi laini ya kukifunika kidonda kama plasta. Kisha akatolewa damu, na majimaji ya damu hiyo yakatengenezwa kuwa matone ya macho.

"Yaani najitia mwenyewe machoni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi haya wifi yangu asiniombe!"

Nyumbani, wifi alilia, akijilaumu kwa kile kichupa, kisha akapangusa uso, akalichukua gauni. Mama Shanga akaketi pembeni, jicho amelifumba, akielekeza kwa mdomo. Kumwachia mtu mwingine sindano kulimuuma kuliko kidonda. Feni ikashushwa sakafuni, ikawa inapuliza miguu.

Kidonda kikajifunga taratibu, kutoka pembeni kuelekea katikati. Siku daktari alipommulika tena na kusema, "Hakuna kilichoshika rangi, kimefunga," Mama Shanga alishusha pumzi ndefu. Aliyelia ni mumewe.

Siku ya harusi, binti akatoka chumbani. Mama yake akamtazama juu mpaka chini, akamsogelea wifi sikioni.

"Ushanga wa bega la kushoto umeushona upande."

Siku nyingine wifi angenuna mwezi mzima. Siku ile alimkumbatia palepale mbele ya wageni.

"Umeuona?" akauliza. "Wifi yangu, kweli umeuona?"

FUNZO

Ndugu zangu, jicho likiwasha na kuwa jekundu kila siku, halihitaji kupakwa weupe, linahitaji kupimwa. Msipeane vichupa vya dawa ya macho kama mnavyopeana chumvi. Upepo usipige usoni mchana kutwa, na kazi isiwanyime kupepesa. Mama Shanga aliwahi kabla seli zake hazijaisha, lakini wapo wanaochelewa. Kazi ya mikono mwenzako anaweza kukushikia. Kuona, hakuna wa kukushikia.