Dakika Nne za Mshtakiwa

Kila asubuhi, kabla ya chai, fundi saa alizitia ufunguo saa za ukutani dukani kwake. Zilikuwa saba. Alizitia ufunguo sita. Ya saba aliipita bila kuitazama. Ilikuwa imesimama saa nne na robo tangu binti yake mkubwa alipoondoka. Binti huyo ndiye aliyekuwa ameitengeneza, na hakuna mwingine aliyeigusa.

Kwenye msumari kando ya meza ya kazi kilining'inia kioo cha kukuzia cha binti huyo. Mama alikifuta vumbi kila Jumamosi, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Kisha alikirudisha msumarini.

Binti mdogo alikuwa kidato cha pili. Wenzake walimwita Redio, kwa kuwa zamani hakujua kunyamaza. Sasa walimtania, "Redio imeisha betri!" Hakuwajibu. Alikuwa akimkumbuka dada yake alivyopiga mluzi akifungua saa. Alikumbuka vidole vyake vilivyonukia mafuta ya mashine, vikimsuka nywele kabla ya shule. Siku hizi alijisuka mwenyewe, na mistari ilikwenda upande.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Miezi mitano iliyopita, saa ya mteja ilipotea katika mtoto wa meza, humo zilimofungiwa saa za watu.

"Ufunguo alikuwa nao nani?" baba aliuliza.

"Mimi, baba, lakini..."

"Basi! Mwenye ufunguo ndiye mwizi."

Dada alifungua kinywa tena. Baba aliinua mkono kumzuia. Siku iliyofuata dada alipanda basi kwenda kwa shangazi, mji wa pili. Tangu hapo hakutajwa mezani.

Siku moja, mwalimu wa uraia aliingia darasani bila kitabu.

"Leo hatusomi sheria," alisema. "Safari hii tutaitumia. Tutafanya mdahalo Ijumaa, na wazazi watakuja. Sikilizeni kisa. Vitabu vya maktaba vimepotea. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyekuwa na ufunguo. Je, afukuzwe shule?"

"Mwalimu, hicho ni kisa cha kweli?" aliuliza mvulana aliyeitwa Wakili kwa sababu ya kupenda tai.

"Ni cha kutunga, ila sheria tutakayoitumia ni ya kweli. Wewe utamtetea mwanafunzi. Redio, wewe utamshtaki."

Redio alisimama. "Mwalimu, upande huo siuwezi."

"Kwa nini?"

"Ndio upande wa baba."

Baada ya kipindi, mwalimu alimwita kando na kumsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Mwanangu, hoja inayokuumiza ndiyo unayopaswa kuielewa kuliko zote. Usiikimbie. Tena katikati ya mdahalo mtabadilishana viti. Utajijibu mwenyewe."

Mwalimu alieleza kanuni. Kila upande ungepewa dakika nne, si zaidi wala si pungufu. Kabla ya kumjibu mwenzako, ungerudia hoja yake kwa maneno yako. Asiposema "ndivyo," huna ruhusa ya kujibu.

"Mwalimu, tutakesha hapa!" Wakili alilalamika.

"Mahakama ina subira, na wewe uwe nayo," mwalimu alijibu. "Sasa tunahitaji mtunza muda. Redio, baba yako ni fundi saa. Mwambie namwomba."

Fundi saa hakupenda mikutano. Lakini mtu anapoombwa kwa ajili ya kazi yake, hukataa kwa shida. Ijumaa alikuja amevaa koti, na saa yake bora mkononi. Aliwekwa mbele, penye kengele ndogo.

"Shikamoo, mzee," Wakili alimwamkia.

"Marahaba. Punguza tai hiyo, inafagia sakafu."

Watu walicheka. Redio alisimama kushtaki.

"Ufunguo ulikuwa mmoja. Mlango haukuvunjwa. Vitabu havina miguu. Mwenye ufunguo ndiye mwenye kosa. Mtu haaminiwi bure. Ukiaminiwa, ubebe dhamana."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Hizo zilikuwa fikra zake, zimepangwa vizuri kuliko alivyowahi kuzipanga yeye. Dakika ya nne alipiga kengele. Wakili alirudia hoja, akakosea, akarudia tena, mpaka Redio akasema, "Ndivyo." Kisha Wakili alitetea.

"Badilishaneni viti!" mwalimu aliamuru.

Redio alikaa kiti cha mshtakiwa. Wakili alishtaki kwa makeke. Redio aliirudia hoja yake kwa maneno yake mwenyewe, akaambiwa, "Ndivyo." Kisha alisimama.

"Mshtaki ameonyesha kwamba nilikuwa na ufunguo," alisema. "Hajaonyesha kwamba niliiba. Sheria inasema anayeshtaki ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha. Mpaka athibitishe, mimi si mkosaji. Tena aliyepotelewa hafai kuwa hakimu, kwa maana uchungu wake utaamua badala yake. Na kabla ya hukumu, mshtakiwa asikilizwe. Je, kuna aliyeniuliza siku ile ufunguo ulikaa wapi? Kuna aliyeniacha nimalize sentensi moja?"

Hakumtazama baba yake. Alitazama kengele.

Dakika ya nne ilipita. Ya tano ilipita.

"Mzee, kengele!" mtu alinong'ona.

Fundi saa alikuwa ameshika saa mkononi, lakini hakuwa akiisoma. Alikuwa akipiga hesabu nyingine. Mshtakiwa wa kutunga alikuwa amepewa dakika nne. Binti yake wa kumzaa hakupewa hata moja.

Waliporudi nyumbani, mlangoni aliuliza, "Kanuni ile ya kurudia maneno. Nifundishe."

Jumapili asubuhi walipanda basi, yeye na Redio. Shangazi alifungua mlango, akamtazama kaka yake kuanzia viatu hadi kofia.

"Umekuja kuhukumu tena?"

"Nimekuja kusikiliza, dada yangu."

Binti mkubwa alitoka jikoni. Alikuwa amekonda. Aliamkia bila kusogea karibu. Baba aliweka saa yake mezani, kisha akaigeuza kifudifudi.

"Sema, mwanangu. Leo hakuna kengele."

Binti mkubwa alianza. "Siku ile, baba, ulinituma kununua kamba za saa. Niliutundika ufunguo msumarini, kama ulivyotuagiza. Nilirudi baada ya adhuhuri. Watu waliingia na kutoka dukani. Saa ile sikuigusa."

"Umesema ulipoteza ufunguo."

"Sivyo, baba."

"Umesema uliutundika, ukasahau."

"Sivyo. Niliutundika kwa agizo lako, nikaenda ulikonituma."

Baba alifumba macho. Alikumbuka kamba zile. Alikumbuka alivyozipokea bila kuuliza lolote.

"Umesema uliutundika kwa agizo langu, ukaenda nilikokutuma, na hukuigusa saa."

"Ndivyo."

"Sina ushahidi juu yako," baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuwa nao hata siku ile. Nisamehe."

Dada alilia. Hakurudi nao siku hiyo. Aliomba wiki mbili amalizie kazi aliyokuwa amemwanzia shangazi. Wiki mbili zile zilikuwa ndefu kuliko miezi mitano. Mama alikifuta kioo kila siku.

Saa ya mteja haikuonekana kamwe. Lakini baba alibadilisha mambo dukani. Ufunguo hautundikwi tena msumarini. Anayeukabidhi na anayekabidhiwa huandika majina yao na saa ya kukabidhiana. Kitu kikipotea, wote huketi, na kila mmoja humaliza kusema ndipo mwingine aanze. Shuleni mdahalo hufanyika kila mwezi, na mtunza muda ni yuleyule. Hakuna anayesema tena kwamba Redio imeisha betri. Wakili anatamani ingeisha.

Wiki zile mbili zilipokwisha, dada alirudi asubuhi, kabla ya chai. Alichukua kioo chake msumarini, akasimama mbele ya saa ya saba.

"Nani ameiacha hii imesimama?"

"Mimi," alisema baba.

Dada aligeuka, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Umesema ni wewe."

"Ndivyo."

Akaitia ufunguo.