Chipu ya Pili

Ukumbi wa maonyesho ya kompyuta ulikuwa na watu elfu tatu na soketi moja ya umeme iliyo nzima. Mambo makubwa ya dunia huanza hivyo.

Mhandisi mmoja, mwenye gauni la kijani na raba nyeupe, alichomoa waya aliouona ukutani, akachomeka wake. Skrini ya meza ya jirani ikazima. Kijana mrefu ambaye wenzake walimwita Miwani akabaki mdomo wazi mbele ya wageni sita.

"Nani amechomoa?"

"Mimi. Wageni wako walikuwa wanapiga miayo, nimewaokoa."

"Na wewe una kipi cha maana?"

"Kiwango kipya. Chipu ya kampuni yoyote iungane na ya kampuni nyingine yoyote, bila kumwomba mkubwa ruhusa."

"Mko wangapi huko kwenu?"

"Kumi na mmoja. Mmoja yuko likizo."

"Sisi tisa," Miwani akasema kwa huzuni ya msibani. "Karibu kwenye foleni ya kufa."

Mhandisi alicheka hadi akashika meza. Kufikia jioni walikuwa wakichomeka kwa zamu, na walikwisha kubadilishana namba za simu.

Ikafuata miezi mitatu ya kupigiana simu. Mhandisi hakujua kuongea kwenye simu akiwa amekaa. Alizunguka meza ya maabara mpaka wenzake wakasikia kizunguzungu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula kalamu. Miwani, tunakufa. Kamati ya viwango inataka kampuni nyingine ijenge chipu kwa kusoma waraka wetu wa kiwango tu. Hairuhusiwi kutuuliza hata neno, na jina lake ni siri hadi siku ya majaribio. Wakubwa hawataki. Wadogo wanaogopa wakubwa. Nani atajenga?"

Upande wa pili ikasikika kalamu ikikwaruza karatasi.

"Upo?"

"Nipo, kipenzi. Nafikiri."

Kufikiri ni tabia ya hatari. Kesho yake Miwani alimbembeleza bosi wake mpaka akakubali, kisha Miwani akatia sahihi karatasi ya kamati ya kutunza siri, akamtumia mpenzi wake ujumbe: "Usinipigie wiki sita. Utaelewa."

Tangu simu zibuniwe, haujaandikwa ujumbe mbaya kuliko huo.

Mhandisi alipiga. Haikupokewa. Alipiga tena akiwa kwenye ngazi, kwenye lifti, na mswaki mdomoni. Mwishowe akampigia dada yake.

"Ameniacha, dada."

"Amesema hivyo?"

"Amesema nitaelewa."

"Basi ana mke, mdogo wangu. Mke wa wiki sita. Futa namba."

Akafuta. Bahati mbaya alikuwa ameikariri.

Siku ya majaribio aliingia na suti nyeusi, nywele amezibana kama anakwenda kumshtaki mtu. Mwenyekiti wa kamati akafungua bahasha, akasoma jina la mjenzi: kampuni ya watu tisa. Mlango ukafunguliwa, akaingia Miwani, ndevu za wiki sita, shati halijaona pasi, boksi kwapani.

"Wewe!" Mhandisi akaropoka.

"Mwenye waraka na mjenzi wasiongee!" mwenyekiti akafoka.

Bodi mbili za chipu, ya Mhandisi na ya Miwani, zikaunganishwa. Taa ya kijani ikawaka, ikazima. Mara ya pili, hivyo hivyo. Mara ya tatu, mwakilishi wa kampuni kubwa akatazama saa yake kwa furaha ya mtu mwenye adabu.

"Mwenye waraka," mwenyekiti akauliza, "kosa ni la mjenzi?"

Mhandisi alikuwa amefungua waraka ukurasa wa thelathini na moja. *Chipu inayopokea isubiri jibu.* Isubiri hadi lini? Watu kumi na mmoja walijua kichwani, hakuna aliyeandika. Chipu yao ilikata tamaa kabla jicho halijapepesa. Ya Miwani ilisubiri tu, bila mwisho. Angesema "ndiyo", waraka ungebaki safi na mjenzi mwingine angetafutwa. Angesema "hapana", kamati ingeweza kuutupa papo hapo.

Akasimama, waraka mkononi.

"Hapana. Kosa ni langu. Hatukuandika muda."

Kamati ikanong'ona, ikanong'ona tena. Kisha: "Ongeza mstari. Mjenzi apewe kwa maandishi. Mna saa moja."

Dakika hamsini na mbili baadaye taa iliwaka, na haikuzima. Mwenyekiti akagonga muhuri. Mwakilishi wa kampuni kubwa akaomba nakala. "Tutaufikiria," akasema, maana yake miaka miwili, lakini aliishika kwa mikono miwili.

Koridoni Mhandisi alimsukuma Miwani kifuani.

"Ulijua kuna kasoro?"

"Tangu wiki ya pili. Nilishika simu mara arobaini."

"Ungepiga, mjinga wewe!"

"Ningepiga, kiwango chako kingekufa."

Akamsukuma tena, safari hii bila kuondoa mkono.

"Nilikulilia kama mtoto, Miwani. Dada yangu amekulaani kwa majina ambayo hayamo kwenye kamusi."

"Nastahili. Nikuoe, ili nikamwombe radhi kama shemeji?"

Akatembea hadi dirishani, akarudi, akaenda tena.

"Leo sijibu. Leo nimefurahi mno, nitakubali hata ugonjwa. Jumamosi. Saa nne na robo asubuhi, mlangoni kwangu."

"Nikichelewa?"

"Nakusubiri dakika kumi," akasema, akamwandikia muda huo kiganjani.