Nyota Zilizopungua Kitengela

Kaluki alikuwa fundi wa kushona nguo. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara ya Namanga, pale Kitengela, na sare za shule alizoshona zilivaliwa mpaka Bisil. Huo ulikuwa mwaka wa 2005. Jioni, upepo wa tambarare ulipotulia, alifunga kazi, akaketi nje ya nyumba yake, akatazama juu. Alipenda kutazama anga tangu utotoni. Na kila jioni alilalamika.

"Phylis," alimwambia binti yake, "hizi nyota zimeisha. Nikihamia hapa zilikuwa zimejaa kama mtama umemwagika. Sasa angalia. Moja kule, moja huku, basi."

"Ni mataa, Mama. Mji umekua."

"Ni mataa na vumbi ya viwanda. Hawa watu hawataacha kitu."

Jibu hilo lilimtosha Kaluki, kwa sababu alilihitaji. Mambo mengine hakuyasema. Hakusema kwamba taa za barabarani zilikuwa zimeota miviringo ya rangi. Hakusema kwamba nyuso za wateja zilikuwa kama ziko nyuma ya ukungu. Kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda kabisa, lakini hakukosa ujanja.

"Hebu nitungie hapa," alimwambia mteja. "Mikono yangu iko na mafuta."

Kila siku mikono ilikuwa na mafuta, na hakuna aliyewahi kuyaona mafuta yenyewe.

Kabla ya kulala aliyaosha macho yake kwa chai baridi, kama mama yake alivyokuwa akifanya kule Kibwezi. Mama huyo alimaliza siku zake haoni. Aliketi mlangoni kwenye kigoda, akiuliza ni nani anapita. Watu walisema ni uzee tu. Kaluki aliogopa kumaliza hivyo kuliko alivyoogopa kifo. Angeacha kushona, na kushona ndiko kulikokuwa maisha yake. Kwa hiyo alinyamaza.

Jumamosi moja Phylis alirudi kutoka kazini na habari.

"Mama, kuna chama cha watu wa nyota. Mwezi ukiwa haujatoka wanakutana pale kwa uwanja, mbali na mataa. Wameleta darubini. Wamesema kila mtu akuje."

"Watu wazima wakae gizani wakiangalia juu?"

"Si ni kama wewe tu?"

Kaluki alicheka, akachukua leso yake, wakaenda.

Uwanja ulikuwa mpana na kimya. Majani makavu yalinukia joto la mchana. Watu walisemezana kwa sauti za chini, kama wanaoogopa kumwamsha mtu. Tochi zilikuwa zimefungwa karatasi nyekundu, maana macho huchukua muda kuzoea giza, na mwanga mweupe huyaharibia. Darubini ilikuwa bomba nene la plastiki, lile la maji machafu. Kinyanjui, fundi wa kuchomelea vyuma, ndiye aliyeitengenezea miguu. Aliyeiongoza ni Nalangu. Mchana Nalangu alikuwa muuguzi wa macho katika hospitali moja ya Kajiado. Usiku kama huu alikuwa mtu wa nyota.

"Karibuni," alisema. "Msikimbilie darubini. Kwanza inueni macho tu."

Watu wakainua macho. Kaluki akasikia pumzi zikishuka pande zote.

"Woi! Mama!" Phylis alimshika mkono. "Ziko nyingi! Nyota ziko nyingi hivi?"

Kaluki alitazama. Palikuwa na giza la kijivu na madoa mawili matatu yaliyofifia.

"Mnaona kile kikundi kidogo kule?" Nalangu aliendelea. "Kwa Kiswahili ni Kilimia. Sisi Wamaasai tunaita Inkokua. Hebu hesabuni."

"Sita!"

"Mimi naona saba!"

Kaluki hakuhesabu. Hapa hapakuwa na mataa ya kulaumiwa, wala viwanda.

Foleni ikaanza mbele ya darubini. Walikuwa wakitazama Zohali, sayari inayolizunguka jua kama dunia yetu. Kila aliyeinama aliinuka na mshangao.

"Iko na pete!"

"Ni kama imechorwa!"

Zamu ya Kaluki ilipofika, alijikwaa kwenye jiwe ambalo wote walilikwepa. Alipapasa bomba, akainama, akaweka jicho. Ukungu. Aliuona ukungu tu. Watu walikuwa nyuma yake wakingoja.

"Umeona, mama?" Nalangu aliuliza.

"Naona. Pete yake ni nzuri sana."

Nalangu akainama kuangalia. Ndani ya darubini kulikuwa kweusi kabisa. Dunia haisimami, inazunguka, kwa hiyo kila mara Zohali huponyoka nje ya bomba na kufuatwa tena. Wakati Kaluki akipapasa, ilikuwa imekwisha kwenda zake.

Nalangu hakucheka. Alisogeza bomba taratibu, akamwachia Kinyanjui, akamshika Kaluki mkono na kumpeleka kando.

"Mama Phylis, ile nyota ilikuwa imetoka. Hata mimi nimepata giza tu."

Kaluki aliinua tena uso wake juu.

"Niambie ukweli," alisema. "Nyota zimejaa huko juu?"

"Zimejaa, mama."

"Zote?"

"Hakuna hata moja imeenda."

"Basi ni mimi naisha."

Akalia. Alilia kwa aibu, na kwa hofu, na kwa sababu ya jioni zote alizokuwa ameketi nje akizisingizia taa za watu. Phylis alikuja mbio, akasimama karibu naye bila kujua afanye nini.

"Mama yangu alikufa kipofu," Kaluki alisema. "Ni ya ukoo."

"Alipimwa?"

"Angepimwa na nani?"

"Basi hatujui alikuwa na nini. Macho yanafifia kwa sababu nyingi, ndiyo maana lazima kupimwa. Lakini kwa umri wako, nafikiri ni mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo safi, mwanga unapitia hapo. Kioo kikiingia ukungu, mwanga haupiti vizuri. Ukungu uko ndani, mama. Chai haifiki huko."

Kaluki alishtuka. "Nani amekuambia mambo ya chai?"

"Wote wanatumia chai! Waache. Chai inaleta vidonda. Matone ya dukani pia hayaondoi huo ukungu."

"Na mkipasua? Nimesikia wanatoa jicho lote, wanaliweka kwa sahani."

Hapo Nalangu akacheka. "Jicho halitoki. Unapigwa ganzi, daktari anatoa kile kioo kibaya, anaweka kingine kipya. Ni kazi ya muda mfupi. Njoo Kajiado Jumanne. Nitakuwa hapo."

Jumanne walikwenda. Daktari akampima, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wangeanza na la kulia, lipone, halafu la kushoto.

"Moja linanitosha," Kaluki alisema haraka. Hakutaka kurudi huko mara ya pili.

Siku ya upasuaji aliogopa, lakini hakusikia maumivu. Kesho yake wakamfungua kitambaa kilichofunika jicho. Alimtazama binti yake kwa muda.

"Phylis, kumbe umekonda hivi?"

Akapewa dawa ya kutia na masharti: asilisugue jicho, asiinue mzigo, asilitie maji mpaka aambiwe. Aliyafuata yote. Aliporudi kibandani akakuta sketi za buluu zilizokuwa zikingoja wenyewe. Alikuwa amezishona kwa uzi wa kijani. Wateja walikuwa wakiona makosa kama hayo siku zote, wakanyamaza kwa kumheshimu. Alizifumua moja moja, akizicheka na kuona haya. Uzi aliutunga mwenyewe.

Mwezi wa nne watu wa nyota walikutana tena. Mawingu ya mvua yalitanda, na wengi walikuwa tayari wamekunja viti wakati upepo ulipoyasukuma yakafunguka. Kaluki akainua uso.

Zilikuwepo. Zilitoka ukingo mmoja wa tambarare hadi mwingine, kubwa kwa ndogo, na katikati yake utepe mweupe kama vumbi la unga. Alisimama pale, akasahau foleni, akasahau kwamba ana jina.

Kisha akaliziba jicho la kulia kwa kiganja. Anga likazimika. Likawa la kijivu, tupu, kama lile la jioni zake zote za nyuma. Akaondoa kiganja, nyota zikarudi. Akaziba tena. Zikaenda.

"Nalangu!" aliita, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa uwanja. "Hili la kushoto, mnanifanyia lini?"