Kamera ya Miyuji

Mlango wa stoo ulikuwa wazi, kufuli likining'inia bila jeraha, na jenereta haikuwepo. Mwalimu Lea aligundua hivyo Jumanne saa saba mchana, aliporudi kutoka shuleni. Kabla hajapiga kelele, kaka yake Ludovick, aliyekuja asubuhi ile kutoka kwake Chamwino, alitokea sebuleni.

"Ni Khalidi," alisema. "Nimemwona saa nne, kwa macho yangu, kwenye televisheni."

Khalidi alikuwa mlinzi wa nyumba hiyo ya Miyuji kwa miaka mingi. Jioni ile alikuwa mahabusu.

Jumatano asubuhi Inspekta Dorothea Matonya alimkuta mke wa Khalidi, Hamida, kwenye ngazi za kituo, ameshika bakuli la wali.

"Shikamoo, afande. Jumatatu wanampeleka mahakamani. Akishaitwa mwizi, nani atampa geti alinde?"

Dorothea aliingia mahabusu. Alianza na Khalidi.

"Saa nne ulikuwa wapi?"

"Kwa muuza vocha. Ludovick alinituma."

"Yeye anasema hakukutuma."

"Basi nilijituma mwenyewe kumnunulia mtu vocha? Mimi hata simu sina, afande!"

Muuza vocha alimkumbuka Khalidi, lakini saa hakuikumbuka. "Labda saa nne, labda saa tano. Mimi nauza, siandiki historia."

Pale nyumbani, Elisante, mume wa Lea na karani wa Bunge, alimwonyesha mtambo. Kamera ndogo isiyo na waya ilitundikwa juu ya mlango wa stoo. Picha ilirushwa hewani hadi kwenye kisanduku chenye antena, kilichowekwa chini ya televisheni, kikiegemea ukuta wa korido. Kamera haikuhifadhi kitu; ukikosa kuangalia, umekosa. Ludovick, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini, ndiye aliyeileta na kuifunga Jumapili moja.

Picha ilikuwa safi kabisa. Dorothea aliuona mlango wa stoo, na kando yake mapipa manne ya chuma yaliyofudikizwa chini, kuku akidonoa katikati yake.

"Ufunguo wa stoo unakaa wapi?"

"Jikoni, kwenye msumari," alijibu Mwajabu, msichana wa kazi. Kisha akaona anavyotazamwa. "Afande, mimi nilikuwa gengeni! Kwa sababu natoka Kondoa kama Khalidi ndiyo tumeshirikiana?"

"Nani amesema hivyo?"

"Kaka Ludovick. Tena mbele ya mama."

Dorothea aliondoka akiwa hana raha. Shahidi alikuwa na picha, na picha ilionekana. Lakini mtu anayemwona mwizi kwenye televisheni, naye yumo ndani ya nyumba hiyo hiyo, kwa nini akae kitini hadi saa saba? Ludovick alikuwa amejibu kwamba aliogopa panga la Khalidi. Siku mbili jibu hilo lilimzungusha.

Ijumaa saa tatu alirudi Miyuji. Koridoni alilazimika kupita upande upande: mapipa yale manne yalikuwa yamepangwa ukutani, yamejaa pomoni, na mpira wa maji ulikuwa bado unachuruzika.

"Leo siku ya maji," Mwajabu alisema. "Jumanne na Ijumaa. Presha haifiki kwenye tangi la juu, kwa hiyo tunajaza mapipa humu, jioni tunapandisha kwa ndoo. Ndipo mapipa yanatoka nje."

Dorothea aliwasha televisheni. Chenga tupu.

Alisimama akiitazama. Kisha akampigia simu Elisante, aje na mkewe na shemeji yake.

Ludovick alifika akitabasamu. Jirani mmoja, Anthony, alikuwa amemwagiza kamera mbili tangu wizi ule.

"Wewe ndiye fundi," Dorothea alimwambia. "Irekebishe."

Ludovick akaangalia umeme wa kamera: upo. Akachomoa waya wa televisheni, akaurudisha. Akabadili chaneli ya kisanduku, akazungusha antena. Chenga.

"Labda imeharibika leo," alisema. "Jumanne ilikuwa kama kioo."

"Saa nne? Hakuna chenga?"

"Hata moja. Nilimwona Khalidi hadi vifungo vya koti."

Dorothea akainua kisanduku na nyaya zake, akakivuta hadi dirishani, mbali na ukuta wa korido. Picha ikatulia: mlango wa stoo, kuku, jua. Akakirudisha mahali pake. Chenga.

"Mwajabu, Jumanne mapipa yalijaa saa ngapi?"

"Saa moja na nusu, afande. Nilijaza ndipo nikaenda gengeni."

"Na kisanduku kilikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Anayekigusa ni fundi tu."

"Chuma na maji vinazuia mawimbi," Dorothea alisema. "Wewe uliifunga Jumapili, mapipa yakiwa nje. Kwako Chamwino mna kisima. Hujui Jumanne ya Miyuji ikoje. Televisheni hii hukuiwasha, Ludovick. Ungeiwasha, ungeona chenga na kutunga uongo mwingine. Askari wako dukani kwako sasa hivi. Watakuta nini?"

Ludovick alimtazama dada yake, si inspekta.

"Ipo nyuma ya makasha," alisema. "Lea, ningeirudisha. Makasha yamejaa kamera, hakuna anayenunua. Kila mtu ananiuliza, hiyo imeshakamata nani? Nilitaka ikamate mmoja tu."

"Na Khalidi?" Lea aliuliza.

"Walinzi wapo wengi."

Lea alimzaba kofi kabla pingu hazijafika.

Alasiri Elisante alikwenda mwenyewe kituoni. "Mzee Khalidi, nisamehe. Kesho rudi kazini, na mshahara nitauongeza."

Khalidi alikuwa akivaa mkanda, taratibu. "Gari la polisi lilinipitisha sokoni Majengo, bosi. Nilikaa nyuma na pingu. Mke wangu anauza mchicha pale. Twende."

"Wapi?"

"Sokoni. Ukaseme."

"Sasa hivi? Watu wamejaa."

"Ndiyo maana."

Walikwenda kwa miguu. Mbele ya meza ya Hamida, Elisante alilegeza tai, akaanza kusema kwa sauti ya ofisini kwamba Khalidi hakuiba, kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Hatusikii huku!" mama wa dagaa alipaza sauti.

Elisante alimtazama Khalidi. Khalidi alisimama palepale, mikono nyuma.

Elisante akapanda juu ya kreti ya nyanya, akaanza upya.