Rafadha ya Wifi

Ndugu zangu, sikilizeni habari ya nyumba moja iliyopendana vizuri, mpaka jicho la mmoja wao lilipotua kwenye mali ya mwenzake.

Asubuhi hiyo mto ulikuwa umetulia. Mama Matofali, aliyepewa jina hilo kwa kazi yake ya kuvusha matofali kwa boti, alikuwa akipakia mzigo pamoja na mumewe huku wakitaniana. Mara boti ya wifi yake ikapita mbio, imebeba abiria wanne.

"Wifi! Bado mnapanga tu?" yule dada wa mume akapaza sauti. "Mimi hii safari ya tatu, na sijamaliza hata nusu dumu la mafuta!"

Mume akacheka. "Dada yangu huyo! Haendi, anaruka."

Kicheko kile kilimkaa Mama Matofali moyoni siku nzima. Injini zao zilikuwa za aina moja, zimetoka duka moja. Basi mwenzake alikuwa na nini?

Jibu alilipata Ijumaa, boti ya wifi ilipovutwa nchi kavu kuoshwa. Chini ya injini kulikuwa na rafadha mpya, yale mapanga matatu ya chuma yanayozunguka majini na kuisukuma boti. Akajifanya anasaidia kuosha. Wifi alipokwenda kuchukua sabuni, akafuta grisi kwa pindo la nguo na kusoma namba: kumi na tatu kwa kumi na tisa. Angeweza kuuliza. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba wifi anajua zaidi, na hilo lisingepita kooni.

Kesho yake alimtajia fundi wa injini namba zile, naye akamtazama juu ya miwani. "Namba ya kwanza ni upana, mama. Ya pili ni hatua, yaani mzunguko mmoja unataka kuisogeza boti inchi ngapi. Hatua ndefu ni ya boti nyepesi. Yako inabeba nini?"

"Abiria," akasema. "Watano, sita."

"Si nilisikia unavusha matofali?"

"Fundi, unauza au unapeleleza?"

Basi akauziwa. Na boti ikiwa tupu, iliruka kweli! Alimpita wifi yake, akampungia mkono, na moyo wake ukajaa raha ambayo, ndugu zangu, haikuwa raha njema.

Jumatatu alipakia matofali mia tatu. Injini iliguna, ikatoa moshi, mizunguko ikakataa kupanda. Mafuta ya siku mbili yaliisha kabla ya adhuhuri.

"Umebadilisha nini?" mumewe akauliza.

"Mafuta mabaya hayo."

Siku ya pili, katikati ya mto, injini ilipata moto, ikakwaruza na kuzima. Mkondo ukaanza kuwasukuma kwenye nguzo za daraja. Wifi aliwaona, akaja mbio na kuwarushia kamba. Akavuta. Boti yake iliunguruma bila kusogea.

"Rafadha yangu haivuti mzigo!" akapiga kelele. "Tupeni matofali! Wifi, tupa!"

Wakatupa, moja moja, mume na mke bila kutazamana, mpaka boti ikavutika na nguzo ya daraja ikapita karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono. Walifika salama. Injini haikuwaka tena.

Wifi aliinama, akaiona rafadha, akaelewa. "Jamani, si ungeniuliza? Fundi huazimisha za kujaribia. Nilijaribu tatu kabla ya kupata hii. Kwa mzigo wenu, ilifaa ya hatua fupi."

Mama Matofali alitazama mikono yake iliyochubuka. "Nilimdanganya fundi," akamwambia mumewe. "Nilitaka unifurahie kama ulivyomfurahia dada yako siku ile." Mume akakaa kando yake kwenye boti tupu.

Mafunzo

Mwenye wivu huiga kitu, lakini haulizi kwa nini kimemfaa mwenzake. Rafadha iliyompa mmoja mwendo na nafuu ya mafuta ilimuulia mwingine injini, kwa sababu mizigo yao haikuwa sawa. Tuseme ukweli kuhusu mzigo wetu, kwa fundi na kwa wapenzi wetu. Na tukiona mwenzetu anakwenda vizuri, tumuulize. Naamini wengi wangefurahi kutuambia.